Mjumbe hauawi: Jina la Wabera na maana ya ‘uhusiano mwema’

Kila mwaka, Chama cha Wataalamu wa Uhusiano Mwema nchini Kenya, ambacho wengi hukijua kwa ufupisho wake PRSK, huwatuza watu na mashirika yaliyofanya vyema katika kazi ya kuwasiliana na umma. Kampeni bora hutajwa, vikombe hutolewa, picha hupigwa. Si jambo baya. Kila taaluma ina haki ya kuwapongeza wanaoitenda kazi yake sawasawa. Ila mpenzi wa lugha akisikia jina la taaluma hii likitamkwa kwa Kiswahili, atajiuliza maswali mawili. Uhusiano huo ni mwema kwa kipimo gani? Na ni baina ya nani na nani?

Leo, mpenzi msomaji, tutayajibu maswali hayo kwa kupitia mahali ambapo huenda hukupatarajia: wadi ya Wabera, mjini Isiolo. Jina la wadi hiyo lina historia, na ndani ya historia hiyo mna funzo kubwa kwa yeyote anayelipwa mshahara kusema na wananchi kwa niaba ya mwingine.

Tuanze na neno lenyewe. ‘Uhusiano’ limetokana na kitenzi ‘husu’, chenye asili ya Kiarabu. Kiswahili kilipokipokea kitenzi hicho hakikukiacha kama kilivyokuja. Kilikitia mnyambuliko wake, tukapata ‘husika’, ‘husisha’ na ‘husiana’. Kiambishi ‘-an-’ kilichomo katika ‘husiana’ ndicho kilichomo katika ‘pendana’, ‘saidiana’ na ‘salimiana’. Ni kauli ya kutendana. Hakuna mtu anayesalimiana peke yake. Akifanya hivyo watu watamtilia shaka. Kwa hiyo ‘uhusiano’ hudai pande mbili, kila upande ukitenda na kutendewa.

Kisha kuna hilo ‘mwema’. Tanzania husema ‘ofisa uhusiano’ au ‘uhusiano wa umma’, na kivumishi hicho hakimo. Sisi huku Kenya ndio tuliokitia. Na tazama kivumishi tulichochagua. Hatukusema ‘uhusiano mzuri’. Uzuri waweza kuwa wa sura: nyumba nzuri, gari zuri, rangi nzuri. Wema ni wa tabia na nia. Mtu mzuri wa umbo anaweza kuwa mwovu kupindukia, lakini mtu mwema hawezi. Jina hili, basi, liwe lilibuniwa kwa kukusudia au la, lilitwika taaluma nzima deni la kimaadili.

Kabla ya jina hilo kuenea, serikali ilikuwa na jina jingine la namna yake ya kuongea na watu: baraza. Pwani, baraza ni sehemu ya mbele ya nyumba iliyojengewa kikao, ambapo majirani huketi jioni, kahawa ikipita, kila mmoja akichangia mazungumzo. Utawala wa Waingereza ulilichukua neno hilo ukalipeleka bara na kuligeuza. Katika baraza la mkoloni, mkuu wa wilaya, au ‘disii’ kama wazee wetu wanavyosema, alikuwa juu, raia wakawa chini wakisikiliza amri kuhusu kodi, mipaka na mifugo. Hata gazeti la Kiswahili lililoanzishwa Nairobi mwaka wa 1939 liliitwa Baraza. Neno la kuketi pamoja likawa neno la kuketishwa.

Kaskazini mwa nchi mambo yalikuwa mazito zaidi. Sheria ya mwaka wa 1926 iliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, yaani NFD, kuwa eneo lililofungwa. Mtu hakuingia wala kutoka pasi na kibali. Isiolo ndio ulikuwa mlango wa eneo hilo. Kwa miaka mingi, watu wa huko na watu wa Kenya nyingine walikuwa wageni kwa wageni, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Lilikuwa sera.

Uhuru ulipokaribia, serikali ya Uingereza iliunda tume mwaka wa 1962 ili kuwauliza wakazi wa NFD wanataka nini. Tume ilizunguka, ikasikiliza, ikaripoti kwamba Wasomali, ambao ndio waliokuwa wengi, pamoja na baadhi ya majirani zao walitaka kujiunga na Jamhuri ya Somalia. Wengine, wakiwemo baadhi ya Waborana, walitaka kubaki Kenya. Machi 1963 Uingereza ikatangaza uamuzi wake: eneo hilo litabaki Kenya, na jimbo la saba litaundwa kwa ajili ya Kaskazini Mashariki. Somalia ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi huohuo. Isiolo ikawekwa katika jimbo la Mashariki.

Kwa macho ya taaluma tunayoizungumzia, hapo pana kosa linaloeleweka hata na mtoto. Watu waliulizwa, wakajibu, jibu lao likawekwa kabatini. Huenda uamuzi wenyewe ulikuwa na sababu zake. Viongozi wa Kenya hawakutaka nchi imegwe kabla haijazaliwa, na mataifa mengi ya Afrika yaliogopa vivyo hivyo kuhusu mipaka yao. Lakini kumuuliza mtu na kisha kumpuuza huumiza kuliko kutomuuliza kabisa.

Katika hali hiyo ndipo Daudi Dabasso Wabera alipokuwa mkuu wa wilaya wa Isiolo, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Kenya ilipata madaraka ya ndani tarehe 1 Juni 1963. Siku 27 baadaye, tarehe 28 Juni, Wabera aliuawa kwa risasi upande wa Modogashe akiwa katika ziara ya kuwashawishi wananchi waikatae hoja ya kujitenga. Pamoja naye aliuawa Haji Galma Dido, chifu mashuhuri wa Waborana. Wauaji walivuka mpaka wakaingia Somalia.

Waswahili husema mjumbe hauawi. Mauaji yale yaliivunja kanuni hiyo ya kale, na hakuna hoja ya kisiasa inayoyahalalisha. Hata hivyo, methali hiyo ina upande wa pili ambao hatuutazami mara nyingi. Katika mila zetu, mjumbe hulindwa kwa kuwa hubeba maneno kwenda na kurudi. Mshenga akipeleka posa, hurudi na jibu, liwe tamu au chungu, na waliomtuma hulazimika kulipokea. Huo ndio ujumbe. Wabera alitumwa baada ya shauri kukatwa London. Alikuwa na neno la kupeleka. Hakupewa nafasi ya kurudi na jibu ambalo lingebadilisha chochote. Waliomtuma walimweka mbele ya watu akiwa na nusu ya kazi ya mjumbe, naye akalipa kwa uhai wake.

Kilichofuata kinajulikana. Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa. Redio Mogadishu ikatangaza yake, redio ya Kenya ikajibu yake, risasi zikaamua palipobaki. Vita vilikoma baada ya makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Mwaka wa 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali dhidi ya mashtaka kwa waliyoyatenda katika maeneo hayo, Isiolo ikiwemo.

Nikwambie kitu kimoja cha lugha kuhusu vita hivyo. Serikali iliviita vita vya ‘shifta’, neno la Kiamhara lenye maana ya jambazi wa porini. Jina hilo likaingia magazetini, redioni, na hatimaye vitabuni. Waborana wa Isiolo, ambao wengi wao walikusanywa vijijini chini ya ulinzi wa askari huku ngamia na ng’ombe wao wakiangamia, wana jina lao: Gaafa Dhaabaa, wakati wa kusimama, yaani wakati maisha yaliposimamishwa. Kipindi ni kimoja, majina ni mawili. Upande mmoja ulitaja mhalifu. Upande wa pili ulitaja msiba. Watu wasioweza hata kukubaliana juu ya jina la jambo lililowapata wote hawahusiani. Wanaishi tu kando kwa kando.

Chama cha PRSK kilianzishwa mwaka wa 1971, miaka minne baada ya vita kukoma. Mwaka wa 1975 Nairobi ikawa pia mahali ulipozinduliwa muungano wa vyama vya taaluma hiyo barani Afrika. Wakati huo, duniani kote, kazi ya afisa wa uhusiano ilieleweka zaidi kuwa kupeleka taarifa na kulinda jina la mwajiri. Mwaka wa 1984 Wamarekani James Grunig na Todd Hunt walieleza aina nne za kazi hiyo, wakaiweka ya mwisho ile ambayo pande mbili husikilizana na kila mmoja yuko tayari kubadilika. Nadharia hiyo hufundishwa vyuoni hadi leo. Nasi tulikuwa nayo tayari, imejificha katika kiambishi ‘-an-’.

Sheria zetu nazo zimeanza kuufikia wema huo. Katiba ya 2010 ilimpa kila raia haki ya kupata habari, na sheria ya kuitekeleza haki hiyo ikapitishwa mwaka wa 2016. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka kaunti ziwasiliane na wananchi ili kukuza amani na utangamano, tena inataja njia: televisheni, tovuti, redio za jamii, mikutano ya hadhara na njia za jadi. Baraza limerudi, safari hii likiwa haki ya raia.

Sasa turudi Wabera. Sokoni Isiolo, kabla ya adhuhuri, utasikia Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kiturkana na Kisamburu, Kiswahili kikiwaunganisha wote. Afisa wa uhusiano mwema anayeandika taarifa ya Kiingereza na kuituma mtandaoni kuhusu ardhi, maji au barabara, akahesabu waliobofya na kusema kazi imekwisha, amepiga mbiu tu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, ndiyo; lakini mbiu haina masikio.

Kwa hiyo waamuzi wa tuzo hizi, mwaka hadi mwaka, wangefaa kuwauliza washindani maswali matatu mepesi. Ujumbe wako ulifika kwa lugha gani? Watu walikujibu nini? Na aliyekutuma alibadilisha nini baada ya kulisikia jibu hilo? Asiye na la kusema kwa swali la tatu atafutiwe tuzo nyingine, ya picha nzuri labda. Nairobi ina barabara ya Wabera, Isiolo ina wadi yake, na wengi hulitaja jina hilo kila siku bila kujua kwamba ni la mtu aliyetumwa kusema na watu ambao hakuna aliyekusudia kuwasikiliza tena.