Usiku wa Bwalo la Leeds

Anayetaka kuwajua The Who asianzie studio. Mwaka 1964 vijana hawa wanne wa magharibi mwa London walikuwa wakipiga muziki Railway Hotel, Harrow, ukumbini penye dari fupi. Pete Townshend aliinua gitaa lake juu, shingo ikagonga dari na kuvunjika. Badala ya kuona haya, akalipondaponda mbele ya watu. Ajali ikageuka mtindo, na mtindo ukawatia madeni, maana magitaa hayaokotwi.

Nyimbo za redioni zilikuja: "My Generation" mwaka 1965, kisha albamu ya Tommy mwaka 1969, hadithi nzima ya mtoto kipofu, kiziwi na bubu iliyoimbwa kwenye santuri mbili. Agosti mwaka huohuo, huko Woodstock, walipanda jukwaani alfajiri, na jua likachomoza wakiwa bado wanaiimba. Lakini santuri za studio hazikuwatendea haki. Kwa kawaida mpiga ngoma na mpiga besi hushika mapigo ili gitaa litambe. Kwa The Who kila kitu kilipinduliwa. Keith Moon alimwaga ngoma kama mvua ya masika, besi ya John Entwistle ikazunguka kama gitaa la solo, na Townshend ndiye aliyelazimika kushikilia mapigo. Roger Daltrey alipaswa kupaza sauti juu ya ghasia yote hiyo. Studio iliitenganisha vipande vipande. Jukwaani ilikuwa kitu kimoja.

Wakaamua kutoa santuri ya jukwaani. Walirekodi maonyesho mengi ya ziara ya Marekani, lakini Townshend hakuwa na subira ya kuyasikiliza yote. Mwenyewe husimulia kwamba aliamuru kanda zichomwe. Ndipo zikapangwa siku mbili tu za kurekodi: tarehe 14 Februari 1970 katika bwalo la chakula la Chuo Kikuu cha Leeds, na kesho yake Hull.

Live at Leeds ilitoka Mei ikiwa na nyimbo sita, tatu kati yake za watu wengine. Jalada lilikuwa karatasi ngumu ya kaki yenye muhuri, mfano wa santuri za magendo. Kwa maoni yangu, hakuna walichokitoa baadaye kinachoifikia, hata kile kilichorekodiwa kisiwani Wight Agosti 1970 na kutolewa mwaka 1996. Sifa ya kelele ilizidi kukua: mwaka 1976, uwanja wa mpira wa Charlton, vipimo vilisoma desibeli 126, wakaingia kitabu cha rekodi cha Guinness. Moon alifariki Septemba 1978. Entwistle akafuata mwaka 2002, Las Vegas.

Bendi ilipungua, santuri ikanenepa. Mwaka 1995 nyimbo sita zilikuwa 14. Mwaka 2001 Tommy yote ya usiku ule ikaongezwa. Mwaka 2010 ikaja zamu ya Hull. Kanda za Hull zilikuwa zimewekwa kando kwa sababu katika nyimbo za mwanzo besi haikusikika. Mafundi wakaichukua besi ya Leeds, wakaipachika humo. Entwistle alikuwa kaburini miaka minane, na besi aliyoipiga Jumamosi ikaketi sawasawa juu ya ngoma za Moon za Jumapili.