Airisi za Louisiana
Airisi za Louisiana ni mahuluti ya airisi zisizo na ndevu, yaani petali zao za nje hazina ukanda wa manyoya. Zilitokana na spishi tano za vinamasi vya kusini mwa Marekani, mojawapo Iris fulva yenye maua ya rangi ya shaba. Spishi hizo huchanganyika zenyewe porini, kiasi kwamba mtaalamu wa mimea John K. Small aliyaita mahuluti mengi spishi mpya, kosa la kusameheka. Bustanini hutaka jua, udongo wenye asidi kidogo, mbolea nyingi na maji tele. Chokaa na majivu huzidhoofisha. Mashina yao hutambaa juujuu, hivyo hufunikwa kwa majani makavu yasibabuke kwa jua. Baada ya miaka mitatu hivi hung'olewa na kugawanywa, kwani katikati ya shada huacha kuchanua.