Sigara mbili za kielektroniki katika mizani ya mvutaji mkongwe

MADUKANI, sigara ya kielektroniki huuzwa kana kwamba ni bidhaa moja. Sivyo. Chini ya jina hilo mna vifaa vinavyotofautiana kama baiskeli na lori, na mvutaji wa siku nyingi anayenunua bila kuijua tofauti hiyo huenda akapoteza pesa zake na kuirudia pakiti yake kabla ya wiki kwisha.

Makala haya yanalinganisha aina mbili zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni ile iliyoundwa makusudi ifanane na sigara ya kawaida, ambayo chimbuko lake ni kifaa cha Ruyan kutoka China. Ya pili ni ile ya kijaluba, yaani kichupa kidogo cha plastiki kinachojazwa majimaji kiwandani na kupachikwa kwenye betri. Iliyovuma kuliko zote katika kundi hilo ni JUUL ya Marekani. Mwandishi amevuta sigara kwa zaidi ya miaka 30 na ametumia vifaa vya aina zote mbili. Anazungumza kama mvutaji, wala si kama daktari.

Wazo lenyewe si geni. Mmarekani Herbert Gilbert aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku mwaka 1963, akaipata mwaka 1965, lakini hakupata kiwanda cha kuitengeneza. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2003, pale mfamasia wa China, Hon Lik, alipounda kifaa chake mjini Shenyang. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji sugu, na babake aliuawa na saratani ya mapafu. Kampuni aliyoifanyia kazi ilijiita Ruyan, neno la Kichina lenye maana ya "kama moshi". Kifaa hicho kilianza kuuzwa China mwaka 2004, na miaka michache baadaye kikafika Ulaya na Marekani.

Hon Lik alitumia mtetemo wa mawimbi ya sauti kugeuza majimaji kuwa mvuke. Waliomfuata waliona ni rahisi zaidi kutumia waya unaopashwa moto na betri, na ndio utaratibu ambao umeenea hadi leo. Mvutaji anapovuta, kitambuzi huhisi pumzi, betri huuchemsha waya, nayo majimaji yaliyolowesha utambi au pamba huwa mvuke. Majimaji yenyewe ni mchanganyiko wa propilini glikoli, gliserini, viungo vya ladha na nikotini.

Sigara ya kielektroniki ya aina hii ya kwanza huchukuliwa na mvutaji kwa furaha, maana inamrudishia kila kitu alichokizoea: urefu ule ule, rangi ile ile ya kichungi, na hata taa ndogo nyekundu nchani inayowaka kila anapovuta. Mkono unajua la kufanya. Midomo nayo inajua. Kisha dakika tano zikapita, na mwili ukauliza sigara iko wapi.

Hilo si suala la hisia tu. Mwaka 2010, uchunguzi wa mtafiti Thomas Eissenberg wa Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth ulichapishwa kuhusu vifaa viwili vya aina hiyo. Wavutaji walipovuta mikupuo 10, kiwango cha nikotini katika damu yao hakikupanda kwa namna ya maana, ilhali sigara ya kawaida iliwapandishia mara moja. Sababu zilikuwa bayana: betri ilikuwa ndogo mno kuwahi kutoa joto la kutosha, na majimaji yaliyofika kwenye waya yalikuwa haba. Vifaa vya namna hiyo ambavyo mimi nimevitumia vilidai mkupuo mrefu na wa taratibu, kama mtu anayenyonya maji ya dafu kwa mrija uliobanwa. Mvutaji wa sigara havuti hivyo.

Hapa inafaa kueleza ni nini hasa mvutaji anachokitafuta. Kwa wastani, mtu huingiza mwilini miligramu moja hadi mbili za nikotini kutoka kwa sigara moja. Si nyingi. Kinachomfunga ni kasi yake: mapafu yana uso mpana, damu huipokea nikotini papo hapo, nayo hufika ubongoni kwa sekunde chache tu. Plasta ya nikotini inayobandikwa ngozini huweza kumpa mtu kiasi kikubwa kwa siku nzima, lakini huipenyeza polepole. Ndiyo maana wengi wameibandika begani na bado wakatoka nje kuomba kiberiti.

Tatizo la kasi ndilo lililotatuliwa na aina ya pili. James Monsees na Adam Bowen walianza kulishughulikia wakiwa wanafunzi wa usanifu wa bidhaa katika Chuo Kikuu cha Stanford, na JUUL ikaingia sokoni mwaka 2015. Werevu wao haukuwa katika betri bali katika kemia. Nikotini ya kawaida iliyotumiwa katika majimaji ya awali hukwaruza koo ikizidi kiasi. Mtu hukohoa kabla ya kutosheka. Wao waliichanganya na asidi ya benzoiki ikawa chumvi ya nikotini, ambayo hupita kooni kwa ulaini hata ikiwa kali. Kijaluba cha JUUL kilichouzwa Marekani kilikuwa na majimaji ya mililita 0.7 tu, lakini ndani ya kila mililita mlikuwa na takriban miligramu 59 za nikotini. Kampuni yenyewe ilisema kijaluba kimoja hutoa mikupuo ipatayo 200, na kwamba nikotini yake yakaribiana na ya pakiti nzima ya sigara.

Kwa umbo, kifaa hicho hakifanani na sigara hata kidogo. Ni kipande bapa cha chuma, chembamba, ambacho mtu asiyekijua angedhani ni kile kidude cha kuhifadhia faili za kompyuta. Hakina taa nchani ya kuigiza kaa la moto. Lakini mvutaji mkongwe akikivuta, mwili hauulizi tena sigara iko wapi. Kile kilichofanana na sigara hakikuwa sigara, na hiki kisichofanana nayo kinakaribia kuwa ndicho.

Mnunuzi anayeletewa kifaa na jamaa aliye ng'ambo aangalie kilikotoka. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2014, uliweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita. Kwa hiyo JUUL iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2018 ilikuwa na nguvu takriban theluthi moja tu ya ile ya Marekani, ingawa jina na umbo ni yale yale.

Je, vifaa hivi vinamsaidia mtu kuacha sigara? Majaribio mawili yanatoa mwanga. La kwanza lilifanywa New Zealand na kuchapishwa mwaka 2013 katika jarida la Lancet. Wavutaji 657 waligawanywa, baadhi wakapewa sigara za kielektroniki za aina ya kwanza, wengine plasta, na wengine vifaa visivyo na nikotini. Baada ya miezi sita, walioacha kabisa walikuwa asilimia 7.3 miongoni mwa waliopewa kifaa chenye nikotini, na asilimia 5.8 miongoni mwa wa plasta. Tofauti ndogo isiyoweza kutegemewa. La pili lilifanywa Uingereza, likachapishwa mwaka 2019 katika New England Journal of Medicine, na kuwahusisha watu 886. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya waliotumia sigara za kielektroniki walikuwa wameacha tumbaku, ikilinganishwa na asilimia 9.9 ya waliotumia plasta, ubani na dawa nyingine za nikotini. Kifaa kilichotumika huko kilikuwa cha tangi linalojazwa na mtumiaji, ambacho kwa nguvu kiko kati ya aina zetu mbili. Majaribio haya hayakufanyika mahali pamoja wala kwa muda sawa, hivyo tusiyasomee kama matokeo ya mbio moja. Hata hivyo, yanaafiki kile mvutaji anachokihisi: kifaa dhaifu humrudisha mtu kwenye pakiti.

Kuna takwimu nyingine katika jaribio hilo la Uingereza ambayo watangazaji wa biashara hawaitaji. Miongoni mwa walioacha tumbaku kwa kutumia sigara za kielektroniki, asilimia 80 walikuwa wangali wakizitumia mwaka mmoja baadaye. Waliotumia plasta na ubani walikuwa asilimia 9 tu.

Sababu mojawapo naijua kwa mazoea. Sigara ina mwisho. Unaiwasha, unaivuta mikupuo kumi hivi, moto unakaribia kichungi, unaizima. Ukitaka nyingine ni lazima uamue upya, pengine utoke nje ukapigwe na baridi. Kijaluba hakina kipisi. Hukaa mezani kando ya kikombe cha chai, na mtu hukinyanyua kati ya aya moja na nyingine bila kujua amekinyanyua. Hakitoi harufu ya kumfanya mwenzako akunje uso. Anayekitumia anapaswa kuhesabu vijaluba kama alivyohesabu pakiti: aliyekuwa akivuta sigara 10 kwa siku na sasa anamaliza kijaluba kikali kwa siku moja ameongeza nikotini, hata kama kikohozi kimepungua.

Na kikohozi hupungua, kwa sababu hapana kinachoungua. Ncha ya sigara inayovutwa hufikia joto la nyuzi 900 hivi, na moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, takriban 70 kati yazo zikijulikana kusababisha saratani. Mvuke hauna lami wala kaboni monoksidi ya kuungua kwa tumbaku. Lakini si hewa safi. Waya ukipata joto kupita kiasi hutoa formaldehaidi, na chembechembe za metali kama nikeli zimepatikana katika mvuke. Makadirio ya mwaka 2015 ya Public Health England, kwamba vifaa hivi vina madhara pungufu kwa asilimia 95 kuliko sigara, yamepingwa na wataalamu kadhaa, na mimi nisingeyatumia kama leseni. Ugonjwa wa mapafu uliozuka Marekani mwaka 2019, ukawalaza hospitalini watu 2,807 na kuua 68 kufikia Februari 2020, ulihusishwa zaidi na asetati ya vitamini E iliyotiwa katika majimaji yenye kiungo levyi cha bangi, mengi yakiwa ya magendo. Funzo lake kwa mvutaji ni kwamba kijaluba kilichojazwa uchochoroni hakiaminiki.

Ulaini ule ule unaomwokoa mzee kooni ndio uliowafungulia mlango vijana. Mtoto anayejaribu sigara kwa mara ya kwanza hukohoa hadi machozi yamtoke, na kikohozi hicho kimewaokoa wengi. Chumvi ya nikotini yenye ladha ya embe haina kizuizi hicho. Utafiti wa kitaifa wa Marekani ulionyesha kuwa wanafunzi wa shule za upili waliotumia sigara za kielektroniki walikuwa asilimia 11.7 mwaka 2017. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 27.5. Kampuni ya tumbaku ya Altria ilinunua asilimia 35 ya JUUL kwa dola bilioni 12.8 mwezi Desemba 2018, hisa ambazo iliziachia mwaka 2023 baada ya thamani yake kuporomoka. Ladha za matunda ziliondolewa kwenye vijaluba, umri wa kununua ukapandishwa hadi miaka 21, na kufikia mwaka 2024 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 7.8. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru JUUL iondolewe sokoni mwezi Juni 2022, ikasitisha agizo hilo siku chache baadaye, na mwaka 2025 ikaidhinisha kuuzwa kwa ladha za tumbaku na mentholi pekee.

Hapa Kenya, kizuizi kikubwa ni bei. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inataka sigara ziuzwe katika pakiti isiyopungua 10, lakini kila mvutaji anajua kioski kinachouza moja moja kwa sarafu. Sigara ya kielektroniki humtaka mtu atoe maelfu kwa mkupuo mmoja. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 ilitoza Sh3,000 kwa kila kifaa na Sh2,000 kwa kila katriji. Mwaka 2022 nikotini ya majimaji ikawekewa ushuru wa Sh70 kwa mililita, na mwishoni mwa mwaka 2024 ukapandishwa hadi Sh100. Aina ya kwanza, kwa kuwa rahisi, ndiyo humvutia mwenye kubahatisha. Naye ndiye hupata hasara, maana hulipia kifaa kisha akaendelea kununua sigara.

Kwa mvutaji wa pakiti kwa siku aliyekata shauri kuiacha tumbaku, na aliyeshindwa na plasta, ningechagua kijaluba, kwa sharti kwamba sigara zitoke nyumbani siku hiyo hiyo na nguvu ya nikotini ipunguzwe hatua kwa hatua. Kuvuta vyote viwili ni kulipa kodi ya nyumba mbili na kulala katika moja. Kwa mvutaji wa sigara mbili tatu kwa wiki, aina zote mbili ni mtego kuliko dawa. Kwa asiyevuta, hapana cha kulinganisha.

Vijaluba viwekwe mbali na watoto wadogo, kwa sababu nikotini ya majimaji ikimezwa ni sumu, hata kwa kiasi kidogo. Katika ndege, kifaa hubebwa na abiria mkononi wala si katika mizigo inayoingizwa tumboni mwa ndege, agizo la kimataifa tangu mwaka 2015 kwa sababu ya betri kuwaka. Anayefanya biashara ya kuvuka mpaka wa Busia au Malaba navyo ajue kuwa Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, ilipiga marufuku kuagiza na kuuza sigara za kielektroniki za aina zote.