Majira ya Kuhamisha Miche ya Nyanya Mkoani Mara

Mche wa nyanya mkoani Mara hutolewa kitaluni kwa kufuata maji. Mkulima wa Ulaya hungoja usiku wa barafu upite. Musoma, mji ulio mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, hauijui barafu, na joto lake hupishana kidogo tu mwaka mzima. Kinachopishana ni mvua: vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei.

Misimu hiyo ilikuwa na wenyewe. Wajita, Wakwaya, Waruri na Wazanaki waliihesabu kwa mtama na ulezi, kisha ukoloni ukaleta pamba. Nyanya, mgeni kutoka Amerika, ilibakiziwa kiangazi, nacho kikaifaa. Mvua hueneza bakajani, ugonjwa unaoweza kuunguza shamba zima kwa siku chache. Ndiyo maana mbegu husiwa Mei, kitalu kikafunikwa kwa nyasi, na baada ya wiki nne hivi miche huhamishwa mwezi Juni, jioni, jua likiwa limepoa. Mavuno huja Agosti na Septemba.

Kiangazi kinadai maji ya kumwagilia, na hapo wilaya zinaachana. Musoma na pwani ya Bunda, kuanzia Guta hadi Kisorya, zina Ziwa Victoria mlangoni: ndoo kwanza, baadaye mashine za kuvuta maji. Vilima vya Butiama viko mbali na ziwa. Huko mkulima hutegemea mabonde, visima na malambo, na akichelewa kuhamisha miche, unyevu wa masika humkimbia.

Ziwa lenyewe si jirani mpole. Mvua kubwa za 1961 zililiinua zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na mashamba ya ufukweni yakamezwa. Mwaka 2020 maji yalirudi kwenye kiwango hichohicho. Katikati ya mafuriko hayo mawili, Sheria ya Mazingira ya 2004 ilikuwa imekwisha kuzuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, yaani penye udongo wenye unyevu kuliko wote.

Mbegu nazo zilibadilika. Tengeru 97, iliyotolewa Arusha mwaka 1997, ina ganda gumu linalostahimili safari ndani ya tenga. Lakini wote wakihamisha Juni, matenga hujaa sokoni kwa pamoja na bei huanguka. Wenye mtaji wa dawa wakaanza kuhamisha miche wakati wa mvua, wakihatarisha bakajani ili wauze wakati nyanya ni adimu.

Mwaka 2014 kantangaze, mdudu anayeharibu nyanya, aligunduliwa nchini Tanzania. Nondo huyu, mzaliwa wa Amerika Kusini kama nyanya yenyewe, hustawi wakati wa ukavu, na kiangazi kikapoteza sifa yake ya kuwa msimu salama.