Nguo ya Mtini: Fumbo la Mbuyu na Soneti katika Utunzi wa Pwani ya Tanga

Anayesafiri kutoka Tanga kwenda Pangani kwa njia ya pwani hupita mibuyu mingi, na katika baadhi ya mibuyu hiyo huona vitambaa vimefungwa: chekundu kimoja tawini, cheupe kingine shinani, cheusi kimeviringwa kwenye mzizi uliochomoza. Chini yake pengine pana kigae cha chetezo, chupa ya marashi isiyo kitu, sarafu mbili tatu. Hapana maandishi wala jina la mtu. Mgeni hudhani kuwa ni mapambo, na akirudi kwao huyataja kuwa ni sanaa ya ajabu. Mwenyeji hapunguzi mwendo. Akiulizwa, hujibu kwa neno moja tu, kuwa hapo pana mzimu, kisha hugeuza mazungumzo.

Mhadhara huu unakusudia kuzungumzia mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakutanishwi. La kwanza ni kitambaa hicho kama usemi, yaani jinsi watu wa pwani ya kaskazini ya Tanzania walivyosema jambo kwa nguo bila ya neno. La pili ni soneti, utungo mfupi wa mishororo 14 uliozaliwa Sicily, na swali la iwapo Kiswahili kinaweza kuubeba bila kuvunja kanuni zake. Fumbo la mtini ni jambo fupi, lililofungwa, linalotaka kufunguliwa, na soneti nayo ndiyo hali yake.

Tuanze na neno lenyewe. Mzimu, kwa upatanisho wake wa asili, haumo katika ngeli ya watu. Husemwa mzimu huu, mizimu hii, katika ngeli ile ile ya mti, mto, moto, moyo na mwezi. Tena jina hilo hubeba maana mbili kwa pamoja: roho ya mfu, na mahali inapotambikiwa. Mzizi -zimu ndio unaotupa kuzimu, makao ya wafu. Wazimu, hali ya aliyepagawa. Na zimwi, jitu la hadithini. Mwanaisimu hana haja ya kuamini mizimu ili aone kwamba lugha iliweka roho, mahali na mti katika fungu moja la sarufi muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuandika kamusi. Lugha jirani za Tanga, kama Kidigo, zina neno koma kwa roho za wazee, na neno hilo limo katika Kiswahili pia, ingawa leo halisikiki sana mijini.

Rangi tatu za vitambaa nazo zina majina ya biashara ambayo ni historia kamili. Nyeupe ni bafta. Nyeusi, au ya samawati iliyokoza, ni kaniki. Nyekundu kamusi za zamani za Kiswahili huiita bendera, neno la Kireno, kwa sababu bendera ya Masultani wa Unguja ilikuwa nyekundu tupu. Basi jina la kitu likawa jina la kitambaa. Kwa hiyo mwanamke wa Pangani wa karne ya 19 aliyefunga kipande chekundu mbuyuni alikuwa amefunga, kwa neno la dukani, bendera. Si jambo la mzaha katika mji ule. Agosti 1888, mzozo juu ya bendera ya Sultani na bendera ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki uliotokea Pangani hiyo hiyo ndio uliowasha vita vya mrima vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim, aliyenyongwa mjini humo Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa Tanga, alivitungia vita hivyo utenzi mrefu. Kipande cha nguo juu ya mlingoti kilipata utenzi mzima. Kipande juu ya mbuyu hakikupata hata ubeti mmoja unaojulikana sana.

Kwa nini? Sababu moja ni ya dini. Washairi wengi wa pwani walikuwa wanachuoni au wanafunzi wa wanachuoni, na mbele ya mwanachuoni matambiko ya mtini ni shirki. Hapaswi kuyatukuza kwa vina. Sababu ya pili ni kwamba kinachojulikana na wote hakihitaji kutungiwa. Walioandika habari za mizimu waliandika kwa nathari, na mara nyingi kwa kuombwa na mgeni. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 na ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kinaeleza habari za pepo na mizimu kwa utulivu wa mtu anayewaeleza wageni mambo ya kwao. Ni kazi ya thamani kubwa. Lakini maelezo hufumbua, na fumbo likifumbuliwa lote hubaki gamba.

Pwani hii haikukosa sanaa nyingine za nje zisizosema. Huko Tongoni, kusini mwa Tanga, makaburi ya mnara ya karne ya 14 na 15 yalipachikwa vibakuli vya kaure kutoka China. Vingi vimeng'olewa, yakabaki mashimo ya duara ukutani. Katika mapango ya Amboni, yapata kilomita nane kaskazini ya mji, watu wameacha nguo, sarafu na marashi kwa vizazi. Bakuli la kaburini na kitambaa cha mtini vina tabia moja: vimewekwa ili vionekane, lakini havikuwekwa ili visomwe na kila mtu.

Kinyume chake ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani ule msemo mfupi unaochapwa chini ya mji. Jina la kanga ni utungo mfupi kupita yote tuliyo nayo, na wanawake wa pwani wamelitumia kujibizana bila kufungua kinywa. Nguo ya mtini ni kanga iliyonyang'anywa jina. Tukikubali hivyo, swali la mtunzi linakuwa wazi: ni umbo gani la ushairi linaloweza kuisemea nguo hiyo bila kuimaliza siri yake?

Tanga haikuwa mahali pa kungoja umbo kutoka kwingine. Shule ya serikali ya Tanga, tangu zama za Wajerumani, ilikuwa na mtambo wake wa kuchapia, na gazeti lake la Kiongozi lilisomwa hadi 1916. Kuanzia 1923 gazeti la Mambo Leo likawapa washairi uwanja wa kujibizana: mmoja hutoa fumbo, wa pili hufumbua, wa tatu hukanusha. Shairi la magazetini lilikuwa tarbia, mizani 16 kwa mshororo, vina vya kati na vya mwisho, na kituo kinachorudiwa. Umbo hilo hufaa sana kwa hoja. Kwa kitambaa cha mtini lina dosari moja: kituo hurudia neno lile lile mwishoni mwa kila ubeti, na jambo linalorudiwa mara kumi halikai siri.

Hapo ndipo inapofaa kumkumbuka Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa Tanga, na kufariki 1962. Karani huyu wa serikali, ambaye aliishi na kufanya kazi Tanga kwa miaka mingi, alitoa mwaka 1952 Omar Khayyam kwa Kiswahili, akifuata tafsiri ya Kiingereza ya Edward FitzGerald ya 1859. Yaani rubai ya Kiajemi ilivuka Uingereza ikafika Tanga ikiwa bado fupi. Jambo lenye uzito hapa ni kwamba mtu aliyehesabiwa kuwa nguzo ya ushairi wa kimapokeo hakuona haya kupokea utungo mfupi wa kigeni. Wale waliomtumia baadaye kama ngao dhidi ya kila kigeni walimsoma nusu.

Soneti yenyewe ilianza karne ya 13 katika baraza la Mfalme Frederick wa Pili huko Sicily, na utungaji wake wa kwanza hunasibishwa na Giacomo da Lentini. Waingereza waliibadili ikawa beti tatu za mishororo minne na mishororo miwili ya kufungia. Shakespeare alichapishiwa soneti 154 mwaka 1609. Shule zetu ziliipokea kutoka kwa Waingereza, na kwa hiyo zikairithi na dhana moja potofu, kwamba soneti lazima ipande na kushuka kwa mkazo wa Kiingereza. Mshororo wa Kiingereza humalizikia kwenye silabi yenye mkazo. Neno la Kiswahili haliwezi hivyo, kwa kuwa mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Anayelazimisha mapigo ya Kiingereza katika Kiswahili atapata mshororo unaochechemea, kisha atailaumu lugha. Ila tukirudi Italia, kwenye chimbuko, tunakuta mshororo wa silabi 11 wenye mkazo mkuu kwenye silabi ya 10, yaani ya pili kutoka mwisho. Ni tabia yetu hasa! Kwa mwanaisimu, Lentini ni jirani wa karibu kwa Mswahili kuliko Shakespeare.

Kuhusu mizani, hakuna haja ya kuazima chochote. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ilikwisha kutumia mizani 10 kwa mshororo, sita kisha nne, mwanzoni mwa karne ya 19. Kipimo hicho kinatosha soneti. Vina ndivyo vinavyotaka uangalifu: kina cha Kiswahili ni silabi nzima, konsonanti na irabu yake, si irabu peke yake. Na anayehesabu mizani asisahau kwamba m ya mbuyu ni silabi kamili, kwa kuwa ni kiambishi cha ngeli, lakini m ya mbegu si silabi. Herufi ni zile zile. Sarufi ndiyo inayozitenga.

Utungo ufuatao umetungwa mahsusi kwa mhadhara huu, kwa mizani 10, ili kuonyesha kuwa jambo hili linawezekana. Haudai zaidi ya hapo.

Nguo ya mtini, nani wako,
Aliyekufunga kwa huzuni?
Hukuandikiwa jina lako,
Wapunga na pepo mbuyuni.

Kanga ina jina, husomeka,
Wewe u kimya tu, huna wino;
Jua lakuchoma, wapauka,
Hutoi jawabu wala neno.

Huenda ni mama auguza,
Au ni mvuvi wa bahari,
Nadhiri kaweka, katimiza,
Akaacha kwako yake siri.

Mti waijua, hautoi,
Na mpita njia haijui.

Mshororo wa nne unategemea utajiri ambao Kiingereza hakina. Pepo ni wingi wa upepo, na pepo ni roho. Nguo hupunga, na pepo hupungwa kwa ngoma. Msikilizaji wa Tanga atasikia maana zote mbili bila kuelezwa. Mishororo miwili ya mwisho nayo inakwenda kinyume na mazoea ya Waingereza, ambao hupenda kufungia soneti kwa jawabu au hukumu. Hapa funga inakataa kufungua. Kwa kuwa hakuna kituo kinachorudiwa, siri imetajwa mara moja tu na kuachwa.

Mtu anaweza kuuliza mbona mjadala mkali wa miaka ya 1970 haukuifikia njia hii. Kaluta Amri Abedi alikuwa ameweka kanuni katika kitabu chake cha 1954, Sheria za Kutunga Mashairi. Euphrase Kezilahabi alizivunja kwa Kichomi mwaka 1974; Mulokozi na Kahigi wakafuata kwa Malenga wa Bara mwaka 1976; na upande wa pili ukasimama kidete kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi. Ugomvi ule ulizaa fikra nyingi, lakini uliugawa uwanja katika kambi mbili: sheria za wazee au kutokuwa na sheria. Umbo la kigeni lenye sheria kali, linaloheshimu vina na mizani lakini si tarbia, halikuwa na mlezi upande wowote. Hata Shakespeare aliingia kwa mlango wa tamthilia, kwa kalamu ya Julius Nyerere, katika tafsiri ya Julius Caesar ya 1963 na Mabepari wa Venisi ya 1969; soneti zake zikabaki nje.

Wanafunzi wa fasihi wanaokwenda uwandani Tanga wana kazi mbili zinazowangoja. Ya kwanza ni kurekodi, kwa ruhusa ya wenyeji, ni miti ipi yenye nguo, ni rangi zipi, na majina ya miti hiyo, kwa maana mibuyu mingi ina majina yake, na mbuyu ukikatwa kwa ajili ya kiwanja au barabara jina hufa siku hiyo hiyo. Ya pili ni kutunga. Kwa desturi ya vyuo vyetu, anayekusanya huandika ripoti na anayetunga hupeleka gazetini, na hawa wawili hawasomani. Mkusanyaji akijaribu kuitia nguo moja katika mishororo 14, atagundua mapema ni kitu gani hakukiuliza alipokuwa chini ya mti.