Mji Mkongwe Wakati wa Masika

Boti ya Dar es Salaam inafunga gati Malindi jua likiwa kali, na mgeni anajuta kubeba mwavuli. Anashika njia ya Mizingani, anaipita Dispensari ya Kale na roshani zake za mbao zilizochongwa, na kabla hajafika Beit el Ajaib mvua imeshamwangukia. Ni Aprili, tanga mbili: kaskazi imekwisha, kusi haijashika barabara.

Jumba lenyewe analikuta limezungushiwa uzio. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alilijenga mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati, sehemu yake iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na mafundi wawili wakafa.

Ukitaka kujua maji yanavyoitesa Unguja mjini, pitisha kiganja ukutani. Kitatoka na unga mweupe. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana hata nyumba ya tajiri ina vyumba virefu na vyembamba. Jiwe la matumbawe lina vitundu, hunywa maji. Chokaa huyaacha yatoke taratibu jua likiwaka. Anayekuja na saruji akapiga plasta juu yake, akidhani anaimarisha, anayafungia maji ndani, na vichwa vya boriti vinaoza kimyakimya mlemle ukutani. Kwa nje nyumba inang'aa.

Mvua, hata hivyo, si kitu mbele ya dhoruba ya tarehe 15 Aprili 1872. Barghash alikuwa hajatimiza hata miaka miwili kitini. Upepo ulivunja majahazi na merikebu bandarini, zikiwemo za Sultani mwenyewe, ukaing'oa mikarafuu ya Unguja mashamba kwa mashamba. Pemba ilinusurika, na ukubwa wa karafuu ukahamia huko mpaka leo. Barghash akaagiza Uingereza manowari mpya iitwayo Glasgow, iliyofika mwaka 1878. Nayo ikaishia chini ya bandari ileile, safari hii kwa mizinga ya Waingereza wenyewe, tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimiza saa moja. Meli za masultani hazikuwa na bahati na maji yale.

Kwenye uchochoro wa Sokomuhogo maji sasa yanashuka kama kijito, yamebeba maganda ya machungwa na kandambili moja. Mzee aliyeketi barazani anasogea.

"Jikinge hapa, mwanangu. Hii ya kupita."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Baraza hiyo ya mawe, iliyoshikana na ukuta, ni kiti cha mazungumzo siku za jua. Leo ndiyo njia: kijana mwenye birika la kahawa anatoka baraza hii kwenda ile, hakanyagi chini, vikombe vikigongana kwenye ndoo. Mgeni anapewa kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata. Hajakimaliza, jua limetoka, na mvuke unapanda kutoka kwenye mabati ya mapaa.