Bomas: Kikao cha wajumbe 629 kilichotaka kuiundia Kenya katiba mpya

WANASIASA, viongozi wa dini, wafanyakazi, wasomi na wawakilishi wa raia wa kawaida wamewahi kuketishwa pamoja mara kadhaa nchini Kenya ili kuamua mustakabali wa taifa. Hata hivyo, hakuna kikao kilichokuwa kipana, wala kilichozua uhasama mkubwa, kama Kongamano la Kitaifa la Katiba lililofanyika Bomas, jijini Nairobi, kati ya Aprili 2003 na Machi 2004.

Wajumbe wake walikuwa 629. Wabunge wote walikuwemo. Kila wilaya ilituma wajumbe watatu, na sheria ilitaka angalau mmoja wao awe mwanamke. Kila chama cha kisiasa kilichosajiliwa kilipewa kiti kimoja, hata kile ambacho ofisi yake ilikuwa mkoba wa mwenyekiti. Waliosalia walitoka katika makundi ya kidini, mashirika ya wanawake, vyama vya wafanyakazi, wanataaluma, mashirika yasiyo ya kiserikali na watu wenye ulemavu. Makamishna wa tume ya kurekebisha katiba nao walihudhuria, ila bila ya haki ya kupiga kura.

Kwa mpangilio huo wabunge walizidi thuluthi moja kidogo tu. Mzozo uliofuata ulianzia papo hapo.

Muundo huo haukutokea kwa bahati. Mwishoni mwa 1999, viongozi wa dini na watetezi wa haki waliokutana katika jumba la Ufungamano walikataa mageuzi yaongozwe na Bunge, wakaunda tume yao wenyewe chini ya Dkt Oki Ooko Ombaka. Kenya ikawa na njia mbili za kuandika katiba moja. Prof Yash Pal Ghai, aliyeteuliwa kuongoza tume rasmi, alishikilia kwamba pande hizo ziunganishwe, na mnamo 2001 zikaungana. Bila maridhiano hayo, huenda mjumbe wa wilaya asingepata kiti kando ya waziri.

Kongamano lilipangiwa kuanza Oktoba 2002, lakini Rais Daniel arap Moi akavunja Bunge siku chache kabla. Muungano wa NARC ulioingia mamlakani Desemba mwaka huo uliahidi katiba mpya katika siku 100. Ahadi hiyo haikutimia. Ndani ya NARC mlikuwa na mkataba wa maelewano uliohusu, miongoni mwa mengine, wadhifa wa waziri mkuu, nao wafuasi wa Bw Raila Odinga walilalamika kuwa umekiukwa. Basi suala la mamlaka ya rais na waziri mkuu lilipofika Bomas, wengi hawakulitazama kama kanuni ya utawala. Walilitazama kama kiti cha mtu fulani.

Awamu ya pili ya mjadala, iliyoanza Agosti 2003, iligubikwa na misiba. Makamu wa Rais Michael Kijana Wamalwa alifariki London mwezi huo. Mnamo Septemba 14, Dkt Crispin Odhiambo Mbai, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ugatuzi, aliuawa kwa kupigwa risasi nyumbani kwake. Wajumbe wengi waliamini kifo chake kilihusiana na kazi aliyoifanya ukumbini.

Mapema 2004, kamati ya upatanisho iliyoongozwa na Askofu Philip Sulumeti iliandaa mapendekezo ya kugawana mamlaka. Kikao kizima kiliyakataa. Mnamo Machi, mawaziri walioongozwa na Makamu wa Rais Moody Awori walitoka nje, nao wajumbe waliobaki wakapitisha rasimu yenye waziri mkuu mwenye mamlaka ya utendaji na serikali za mashinani.

Siku chache baadaye, Machi 25, 2004, Mahakama Kuu ilitoa uamuzi katika kesi iliyowasilishwa na Kasisi Timothy Njoya na wenzake. Majaji wawili dhidi ya mmoja walisema kwamba mamlaka ya kutunga katiba ni ya wananchi wenyewe, na kwamba lazima kuwe na kura ya maamuzi. Kasisi huyo alikuwa mmoja wa waliodai mageuzi kwa muda mrefu, lakini uamuzi alioupata uliipa serikali nafasi ya kupumua. Rasimu ilirekebishwa, ikapelekwa kwa wapiga kura Novemba 21, 2005, na upande wa chungwa ukaishinda ndizi ya serikali kwa takriban asilimia 58.

Benin ilikuwa imelijibu swali hilo la kauli ya mwisho kwa njia tofauti. Mnamo Februari 1990, nchi ikiwa imefilisika na watumishi wa umma hawalipwi mishahara, kongamano chini ya Askofu Isidore de Souza mjini Cotonou lilijitangaza kuwa na mamlaka kamili. Rais Mathieu Kérékou alikubali, akashindwa uchaguzini mwaka uliofuata na kuondoka. Zaire iliiga mfano huo chini ya Askofu Mkuu Laurent Monsengwo, na mnamo 1992 kongamano likamchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Rais Mobutu Sese Seko, ambaye bado alikuwa na jeshi na hazina mikononi mwake, alimzuia asitawale.

Kenya ilirudi mezani baada ya umwagikaji damu wa 2007 na 2008. Safari hii kazi ya uandishi ilikabidhiwa kamati ndogo ya wataalamu iliyoongozwa na Bw Nzamba Kitonga, iliyotumia rasimu za awali, ya Bomas ikiwemo. Waziri mkuu aliondolewa, ugatuzi ukabaki kwa sura ya kaunti 47, na mahakama za kadhi zikahifadhiwa. Wananchi waliipitisha Agosti 4, 2010 kwa takriban asilimia 67, na ikaanza kutumika Agosti 27.

Katiba hiyohiyo ndiyo iliyotumiwa kupima mpango wa BBI, uliotokana na salamu za Rais Uhuru Kenyatta na Bw Odinga mnamo Machi 2018. Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu iliamua kwamba rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya katiba kupitia njia iliyotengewa wananchi.